Ufa ukutani na ukungu chumbani: mpangaji aseme, mwenye nyumba asikie

Mwezi wa tisa, mvua zinaporudi Maniema, nyumba nyingi za kupanga zinaonyesha kasoro ambazo kiangazi kilikuwa kimezificha. Bati linavuja juu ya kitanda. Chini ya ukuta panatokea alama ya maji inayopanda kidogo kidogo. Nyuma ya kabati panaota madoa meusi yenye harufu ya uvundo. Juu ya mlango, ufa uliokuwa mwembamba kama uzi sasa unaingiza ukucha. Ni hali inayojulikana Kindu, katika komini za Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Inajulikana vilevile Tunda, katika teritware ya Kibombo, ambako wauguzi, walimu na wengine waliotoka mbali wanatafuta chumba cha kuishi karibu na hospitali na mashule.

Wapendwa wasomaji, katika makala hii tunataka kueleza mambo matatu: dalili hizo zinatoka wapi, zinaweza kumdhuru nani, na nani anapaswa kutengeneza nini. Lakini liko jambo moja linalotangulia hayo yote: dalili isemwe mapema, na iandikwe. Nyumba haianguki siku moja, na kifua cha mtoto hakiharibiki usiku mmoja. Karibu kila mara kulikuwa na miezi ya kuona na kunyamaza.

Mpangaji ananyamaza kwa sababu. Garanti yake iko mikononi mwa mwenye nyumba, na mara nyingi imekwisha kutumika. Anaogopa kujibiwa: kama hupendi, toka. Pengine mwenye nyumba ni mjomba, au ni mzee wa kanisa anayekaa benchi la mbele siku ya Jumapili, na kumlalamikia kunaonekana kama kukosa heshima. Mwenye nyumba naye ana shida zake. Labda ni mjane ambaye vyumba viwili hivyo ndivyo vinavyolipa masomo ya watoto. Labda anaishi Kinshasa au Lubumbashi na hajaiona nyumba yake kwa miaka mitatu. Hakuna aliyemwambia kitu, na siku anapopata habari, ukuta umekwisha kulala chini.

Maji yanaingia kwa njia nne

Ukungu na nyufa nyingi vina baba mmoja, naye ni maji. Kabla ya kupaka rangi au kununua simenti, tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Ukikosea hapo, fedha yote inapotea.

Njia ya kwanza ni juu. Bati limetoboka, msumari umelegea, au majani ya paa yamechakaa. Alama yake ni doa linaloanzia darini au juu ya ukuta na kushuka. Linaongezeka siku ya mvua, kisha linakauka. Hili ni tatizo rahisi kulitambua, lakini likiachwa linaozesha mbao za paa, na mchwa wanapenda mbao zilizolowa.

Njia ya pili ni chini. Matofali, hasa ya udongo mabichi, yananyonya maji ya ardhini kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Alama yake ni mstari wa ubichi unaofuata ukuta wote chini, kufika magotini au kupita kidogo, na mara nyingine unga mweupe wa chumvi unaotoka ukutani. Haukauki upesi hata mvua ikikatika. Nyumba nzuri huwekewa kitu kisichopitisha maji kati ya msingi na ukuta, kama plastiki nene au tabaka la simenti nzito. Nyumba nyingi zetu hazina.

Njia ya tatu ni pembeni. Maji ya paa yanaanguka karibu sana na ukuta, yanapiga ardhi na kurukia matofali. Ukitazama nje utaona sehemu ya chini ya ukuta imelika, kama mtu aliyekuwa akiikwangua. Hii ndiyo hatari kubwa ya nyumba za udongo. Tofali bichi lina nguvu likiwa kavu, lakini likilowa linageuka tope tena. Ukuta unaolika chini huku umebeba paa zima juu haujatangaza siku yake ya kuanguka.

Njia ya nne inatoka ndani. Watu sita wanaolala chumba kimoja kilichofungwa wanatoa maji kwa pumzi zao. Nguo zinazokaushwa ndani zinatoa maji. Chungu kinachochemka kinatoa maji. Usiku bati linapoa, na mvuke huo unageuka matone yanayodondoka alfajiri hata kama mvua haikunyesha. Alama yake ni ukungu unaoota kwenye kona, nyuma ya kitanda na nyuma ya masanduku, mahali hewa isipopita.

Kutambua njia hizi kuna faida nyingine: kunapunguza mabishano. Mwenye nyumba akisema, “Ninyi mnafunga madirisha,” na mpangaji akisema, “Nyumba yako ni mbovu,” mara nyingi wote wawili wana sehemu ya ukweli. Lakini ukuta uliolowa chini pande zote haukuloweshwa na pumzi za watoto. Na kona yenye ukungu katika chumba kisicho na dirisha si kosa la mpangaji asiyefungua dirisha ambalo halipo.

Ukungu na kifua cha mtoto

Ukungu ni kiumbe hai, wa jamii moja na uyoga. Unahitaji ubichi na kitu cha kula: mbao, karatasi, nguo, rangi, hata vumbi. Unatoa mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho, zinazoelea hewani na kuingia puani.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo juu ya ubichi na ukungu katika majengo. Wataalamu walikubali kwamba watu wanaoishi katika nyumba zenye ubichi au ukungu wako katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa na kifua, kupata maambukizo ya njia za hewa na kuzidiwa na pumu. Hawakuweka kipimo cha kusema “ukungu kiasi hiki hauna neno.” Walisema njia ni kuuzuia, na ukitokea kuuondoa pamoja na ubichi unaoulisha. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wazee, wenye pumu na wale ambao kinga ya mwili wao imepungua.

Liko jambo lililotokea Uingereza linaloonyesha wazi hatari ya kupuuza. Katika mji wa Rochdale, familia iliyotoka Sudan ilipanga nyumba ya chumba kimoja cha kulala, mali ya shirika la nyumba. Mwaka 2017 baba alieleza kwamba kuna ukungu. Aliambiwa aupake rangi juu. Mwaka 2020 mtumishi wa afya aliyeitembelea familia aliandika juu ya ukungu ule, lakini haukuondolewa. Tarehe 21 Desemba 2020 mtoto wao Awaab Ishak, aliyekuwa ametimiza miaka 2 siku chache tu kabla, alikufa. Mnamo Novemba 2022 ofisa wa sheria anayechunguza vifo alitamka kwamba mtoto aliuawa na ugonjwa mkali wa njia za hewa uliosababishwa na kuvuta ukungu wa nyumba hiyo kwa muda mrefu. Shirika lilikuwa limefikiri kwamba ukungu unatokana na namna familia ilivyoishi.

Wazazi hawakunyamaza. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2023, na watu wanaiita kwa jina la mtoto huyo. Tangu tarehe 27 Oktoba 2025, mashirika ya nyumba za jamii yakipata habari ya ubichi au ukungu wenye hatari kubwa, yanapaswa kuchunguza katika siku 10 za kazi. Hatari ya dharura inapaswa kushughulikiwa katika saa 24. Nchi tajiri, yenye simenti na mafundi wa kutosha, ilihitaji kifo cha mtoto ili ijifunze kumsikiliza mpangaji. Sisi tusingoje hivyo.

Lakini tuseme pia upande wa pili: si kila kikohozi kinatoka ukutani. Kwetu kifua kikuu kipo, na nimonia inaua watoto. Mtu anayekohoa majuma 2 au zaidi aende kituo cha afya apimwe makohozi. Mtoto anayepumua haraka, au ambaye mbavu zake zinaingia ndani anapovuta hewa, apelekwe siku hiyo hiyo, bila kungoja Jumatatu. Ukifika, mweleze munganga hali ya chumba mnacholala. Ni habari inayomsaidia.

Kuhusu kusafisha: usikwangue ukungu mkavu, maana utazijaza hewani mbegu zake. Funga kitambaa puani na mdomoni, fungua mlango na dirisha, watoto wawe nje. Lowesha, osha kwa sabuni na brashi, kisha acha pakauke kabisa. Ukitumia maji ya javeli, usiyachanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafisha, kwa sababu mchanganyiko huo unatoa hewa yenye sumu. Kwenye ukuta wa udongo ulioshikwa sana, ondoa krepi yote ya sehemu hiyo, acha ukuta ukauke, ndipo upake mpya. Magodoro na nguo ziende juani. Sogeza kitanda kiwe mbali na ukuta angalau upana wa kiganja. Na usiwashe makaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kukikausha. Moshi wa makaa usioonekana unaua usiku, haraka kuliko ukungu.

Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuufunika tu. Mvua mbili baadaye utatokeza tena.

Ufa upi ni wa kuogopa

Si kila ufa ni hatari. Nyufa nyembamba kama unywele, zinazotawanyika juu ya krepi kama ramani, kwa kawaida ni simenti iliyokauka haraka. Hazihitaji kelele.

Ufa wa kutazama ni ule unaotoka kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kiupande, ukifuata viungo vya matofali kama ngazi. Huo unasema kwamba sehemu moja ya msingi inazama na nyingine imebaki. Ufa unaopita ukuta wote, unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, ni mzito zaidi. Ukifikia upana wa milimita 5, karibu unene wa kalamu nyembamba, aitwe fundi mwashi mwenye uzoefu. Ishara nyingine ni mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, linto iliyopinda juu ya dirisha, ukuta uliotoka tumbo, na kona mbili za nyumba zilizoanza kuachana.

Swali kubwa ni moja: je, ufa unatembea? Chukua kalamu, weka alama mahali ufa unapoishia, andika tarehe pembeni. Bandika kipande cha karatasi kwa gundi kikivuka ufa, pande zote mbili. Baada ya majuma 2 au 3 tazama. Alama ikiachwa nyuma, au karatasi ikipasuka, ukuta unatembea. Sasa una ushuhuda, na mwenye nyumba hawezi kusema ufa ule ulikuwepo tangu siku za baba yake.

Kama ukuta umetoka tumbo, kama unasikia mlio wa mbao kukatika, au kama ufa umepanuka katika siku moja ya mvua kubwa, usipime kitu. Toeni watoto na wazee usiku huo huo, mlale kwa jirani au kanisani. Vyombo vitafuata kesho.

Jirani zetu wa Kenya wanakumbuka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016. Katika mtaa wa Huruma, Nairobi, jengo la kupanga la ghorofa sita lilianguka wakati wa mvua kubwa. Watu wapatao 50 walikufa. Jengo lilikuwa karibu na mto, na wakuu walikuwa wamekwisha kulitaja kuwa si salama, linapaswa kubomolewa. Lakini vyumba viliendelea kupangishwa na watu waliendelea kuishi humo, kwa sababu bei ilikuwa ndogo na hawakuwa na mahali pengine. Hatari ilijulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kusema “leo hatulali hapa,” na mahali pa kwenda.

Nani atengeneze

Katika Kongo, sheria ya kanuni za mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado inatumika, inaweka msingi: anayepangisha anapaswa kutoa kitu kilicho katika hali nzuri, na kukitunza kiendelee kufaa kwa kazi kiliyopangishwa. Mpangaji naye anapaswa kukitumia kama mzazi mwema anavyotumia mali yake, na kulipa kwa wakati. Baadaye, sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 ilipanga mambo ya nyumba za kupanga zisizo za biashara. Kwa nyumba ya kuishi, garanti haipaswi kupita kodi ya miezi 3.

Kwa lugha ya nyumbani, mgawanyo ni huu. Paa, kuta zinazobeba, msingi, linto, mbao za paa na mifereji mikubwa ya maji ni kazi ya mwenye nyumba. Kitasa kilichovunjwa na watoto, kioo kilichopigwa na mpira, mfereji wa uani uliozibwa na takataka, na kufungua madirisha ili hewa ipite ni kazi ya mpangaji. Ukungu unaoletwa na paa bovu ni wa mwenye nyumba. Ukungu unaoletwa na nguo mbichi zinazoanikwa chumbani kila siku, mpangaji aache kuanika.

Njia bora ya kuepuka ugomvi ni kutembea ndani ya nyumba pamoja siku ya kuingia, kabla ya kutoa garanti. Andikeni chumba kwa chumba: ukuta huu una ufa wa urefu huu, bati hili limetoboka, mlango huu unafunga. Wote wawili mweke sahihi, pamoja na shahidi mmoja. Mwenye simu apige picha. Karatasi hiyo moja inamlinda mpangaji asilipishwe ufa alioukuta, na inamlinda mwenye nyumba dhidi ya mpangaji aliyevunja na kukana.

Namna ya kusema

Ukiona dalili, mwambie mwenye nyumba kwa mdomo kwanza, kwa heshima, ukimwonyesha kitu chenyewe. Kisha uandike. Barua haihitaji Kifaransa kikubwa wala muhuri. Kwa mfano:

“Mama, tunakusalimu. Katika chumba cha watoto, ukuta wa upande wa uani unalowa tangu mvua ya tarehe 28 Septemba. Ubichi umefika magotini, na madoa meusi yameota nyuma ya kitanda. Tumesogeza kitanda na tunafungua dirisha kila siku. Tumeona kwamba maji ya bati yanaanguka karibu na ukuta na hayana pa kwenda. Tunaomba uje kuangalia kabla ya tarehe 12 Oktoba. Ukikubali, sisi tutachimba mfereji, nawe utoe mabati ya kurefusha paa. Tunangoja jibu lako.”

Barua hiyo haina tusi. Inasema wapi, tangu lini, tumefanya nini, tunaomba nini, kufikia siku gani. Toa nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa na sahihi ya aliyeipokea. Kama mwenye nyumba yuko mbali, mtumie ujumbe wa simu na picha, na usiufute.

Tunashauri jambo moja kwa nguvu: usiache kulipa kodi kwa hasira. Ukiacha, kesi inageuka. Wewe uliyekuwa na haki unakuwa mdaiwa. Kama mmekubaliana kwamba utatengeneza kwa fedha yako na kukata katika kodi, andikeni kiasi na miezi kabla ya kununua msumari wa kwanza. Weka karatasi za manunuzi.

Jibu lisipopatikana, nenda kwa shefu wa avenyu au wa kijiji, halafu serivisi ya habita katika komini au teritware, ambayo kazi yake ni kuangalia mambo ya nyumba na upangishaji. Mahakama ya amani iko mwisho wa njia, wala si mwanzo.

Kanisa likiwa katikati, na kanisa likiwa mwenye nyumba

Wasomaji wa Biblia wanajua kwamba jambo hili si geni. Mambo ya Walawi sura ya 14 inaeleza nyumba yenye madoa ya kijani au mekundu yaliyoingia ndani ya ukuta. Tazameni utaratibu wake. Mwenye nyumba mwenyewe anakwenda kutoa habari. Vyombo vinatolewa kwanza, ili watu wasipoteze mali yao. Nyumba inafungwa siku 7, kisha inatazamwa tena kuona kama doa limeenea. Mawe yaliyoshikwa yanaondolewa, kuta zinakwanguliwa, mawe mapya na udongo mpya unawekwa. Doa likirudi baada ya hayo yote, nyumba inabomolewa. Yaani watu hao wa kale walitoa habari, walipima kwa muda, walitengeneza, na walikubali kubomoa ilipobidi. Na hapakuwa na mtu aliyeambiwa apake rangi juu.

Mchungaji anaweza kufanya kazi kama hiyo leo. Si fundi wala hakimu, lakini mpangaji na mwenye nyumba wote wanaweza kuwa kondoo wake. Anaweza kwenda nao kutazama ukuta, akiwa na fundi mwashi wa parokia. Karibu kila parokia ina mwashi na seremala. Ukweli ukionekana kwa macho ya watu wanne, maneno yanapungua. Wamama wa kanisa, wanaotembelea wagonjwa na wazazi wapya, wanaweza kuwa wa kwanza kuona kitanda cha mtoto kilichobanwa kwenye ukuta uliolowa.

Mwenye nyumba maskini asaidiwe pia. Mjane asiye na fedha ya mabati 10 hawezi kuyapata kwa kutishwa, hasa hapa ambako simenti na mabati vinafika kwa bei kubwa kwa sababu ya barabara. Lakini mfereji wa maji nyuma ya nyumba unachimbwa kwa jembe. Udongo wa kujaza chini ya ukuta uliolika haununuliwi. Vijana 10 kwa Jumamosi moja wanaweza kuokoa ukuta wenye umri wa miaka 20.

Na tujitazame sisi wenyewe. Katika vituo vyetu vya kale, kama Tunda, kanisa ndilo mwenye nyumba. Wachungaji, wauguzi na walimu wanakaa katika nyumba za misheni au za parokia, na wengi hawathubutu kulalamika kwa sababu anayewapa nyumba ndiye anayewapa kazi. Woga wao ni mara mbili ya woga wa mpangaji wa mjini. Kamati ya mali ya kanisa iliyo na daftari la viti na ngoma iwe pia na daftari la nyufa: nyumba ipi, ukuta upi, tarehe gani, nani aliambiwa, nini kilifanyika. Hatuwezi kumwambia mwenye nyumba wa Kasuku amsikilize mpangaji wake huku nyumba ya muuguzi wetu inavuja mwaka wa nne.

Kabla ya mvua nyingine

Kiangazi chetu ni kifupi, Juni hadi Agosti. Huo ndio wakati wa kazi, maana ukuta uliolowa haupokei krepi vizuri na paa halifunguliwi chini ya mvua. Mwezi wa tano, wakati maji bado yanaonyesha njia zake, mpangaji na mwenye nyumba wazunguke nyumba pamoja na kuandika. Mwezi wa sita watengeneze paa, warefushe ukingo wake upite ukuta kwa sentimita 60 au zaidi, wachimbe mfereji wa kupeleka maji mbali, wajaze sehemu iliyolika. Mwezi wa saba na wa nane, kuta zikiwa kavu, wapake krepi mpya, na chumba kisicho na dirisha kitobolewe dirisha, hata dogo, lenye upande wa pili wa kutokea hewa.

Kwa sasa mvua bado inanyesha. Leo jioni, kabla ya kulala, chukua taa uzunguke chumba unacholala na watoto. Gusa ukuta nyuma ya kitanda. Tazama juu ya mlango. Ukiona kitu, andika tarehe, na kesho asubuhi nenda ukamwambie mwenye nyumba.